Urithi, Kura na Malisho: Usomaji wa Mgawanyo wa Nchi katika Kitabu cha Yoshua, Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Sura ya 13 hadi ya 21 za Kitabu cha Yoshua ni miongoni mwa kurasa za Biblia zisizosomwa sana. Msomaji aliyevutiwa na kuanguka kwa kuta za Yeriko na kusimama kwa jua huko Gibeoni hujikuta ghafla katika orodha ya mipaka, mabonde, chemchemi na miji ambayo mingi haijulikani tena ilipokuwa. Mhakiki wa fasihi naye hupita upesi, akidhani kwamba hapana kisa. Lakini katika nchi kama Kenya, ambako shauri la shamba laweza kumaliza umri wa mtu mahakamani, orodha ya mipaka si maandishi makavu hata kidogo.

Makala hii inachunguza maana ya kiroho inayopewa sura hizo, pamoja na zile za Hesabu na Mambo ya Walawi zinazoambatana nazo. Hoja inayotetewa ni kwamba maana hiyo haielei juu ya ardhi, bali imo katika masharti ya kuimiliki: nani aliyeitoa, ilivyogawanywa, na kipi kisichoruhusiwa kuuzwa. Mahali pa kuipimia hoja hiyo ni nyanda za Wamaasai wa Ilkaputiei, kuanzia Kitengela hadi Kajiado, ambako katika kipindi cha miaka mia moja na zaidi ardhi imegawanywa mara kadhaa, na mara nyingi wagawaji na wagawiwa walikuwa watu waliokuwa wakisoma Kitabu hicho hicho.

Neno na mzigo wake

Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyounganisha mapokeo ya Unguja na ya Mvita, imetumia neno "urithi" pale ambapo Kiebrania kina nahala. Chaguo hilo ni zuri, ila lina mzigo wake. Nahala ni fungu la kudumu alilopewa mtu au ukoo na mwenye mamlaka ya kutoa, hata kama hapana aliyefariki. "Urithi" umetoka katika Kiarabu, na pwani umekaa kwa karne nyingi katika jamii moja na mirathi, wosia na mafungu ya sharia. Kwa Mswahili, urithi hauko bila maiti.

Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anakabiliwa na swali ambalo msomaji wa Kiebrania halimsumbui. Ikiwa Kanaani ni urithi, na mtoaji ni Mungu asiyekufa, basi nani aliyekufa? Jibu la Kitabu cha Yoshua chenyewe, likisomwa bila kupambwa, ni la kutisha: waliokufa ni Wakanaani. Jibu la Waraka kwa Waebrania, sura ya 9, ni jingine kabisa. Mwandishi wa waraka huo alicheza na neno la Kiyunani lenye maana ya agano na ya wosia kwa pamoja, akahoji kwamba wosia hauna nguvu mpaka aliyeuandika afe, na aliyekufa hapo ni Kristo. Tangu hapo urithi ukahamia mbinguni.

Origen wa Alexandria, katika karne ya tatu, aliiendeleza njia hiyo katika hotuba zake juu ya Kitabu cha Yoshua. Kwa Kiyunani, Yoshua na Yesu ni jina moja, hivyo kwake kitabu kizima kilikuwa habari za Yesu: wafalme walioshindwa ni maovu ya moyo, na mafungu ya makabila ni daraja za roho. Kiswahili kimeyatenganisha majina hayo mawili, na msomaji wetu hawezi kuuona mchezo huo kwa macho. Pengine hii ndiyo sababu usomaji wa Kiswahili umebaki karibu zaidi na udongo. Usomaji wa Origen una sifa moja isiyopaswa kudharauliwa: hauwezi kutumiwa kumfukuza mtu shambani kwake. Una na kasoro moja kubwa. Ardhi ikishageuzwa kuwa mfano tu, basi ile ardhi halisi inabaki bila ulinzi wowote wa maandiko, na soko laweza kuichukua bila mtu kuona kwamba jambo la kiroho limetendeka.

Agano la 1904

Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwatolea Wazayoni ardhi katika himaya ya Afrika Mashariki. Kongamano lao la sita, lililofanyika Basel mwezi Agosti mwaka huo, lilikubali kutuma tume kuikagua. Ardhi iliyokusudiwa ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao unaitwa kwa jina la olosho mojawapo ya Wamaasai. Kongamano la saba, mwaka 1905, liliukataa mpango huo. Tukio hilo hutajwa katika historia kama jambo la ajabu lililopita, lakini kwa mhakiki lina uzito: watu wa Yoshua walipewa, kwa kalamu ya mtu wa London, nchi yenye jina la watu wengine.

Mwaka 1904 afisa wa jeshi la Wajerumani, Moritz Merker, alichapisha Berlin kitabu kikubwa juu ya Wamaasai, akidai kwamba walikuwa watu wa asili ya Kisemiti na kwamba visa vyao vya kale vilikuwa ndugu wa visa vya Waebrania. Wataalamu waliofuata hawakuyakubali madai hayo. Mwezi Agosti mwaka huo huo, upande wa Waingereza, Kamishna Donald Stewart alitia saini mkataba na Olonana na viongozi wengine. Wamaasai waliondoka malisho bora ya Bonde la Ufa wakagawanywa katika hifadhi mbili, moja Laikipia, nyingine kusini. Waliahidiwa kwamba hifadhi hizo zingekuwa zao maadamu kabila la Wamaasai lipo duniani. Hivyo katika mwaka mmoja watu hao walitangazwa na Mzungu mmoja kuwa jamaa za Israeli, na Mzungu mwingine akawatendea kama Wakanaani.

Ahadi hiyo ya milele ilidumu miaka saba. Mwaka 1911, chini ya Gavana Percy Girouard, ulitiwa saini mkataba wa pili uliowataka Wamaasai wa Laikipia wahamie kusini. Olonana alikuwa amefariki mwezi Machi mwaka huo, na serikali ikadai kwamba kuungana kwa Wamaasai kusini kulikuwa ndiyo nia yake ya mwisho. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa kaskazini, aliupinga uhamisho huo. Katika shauri linalojulikana kwa jina la Ole Njogo, Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakashindwa Mombasa, na rufani yao ikatupwa mwezi Desemba. Mahakama ilisema kwamba mikataba ile ilikuwa maafikiano kati ya dola na watu wa nje, wala haikuwa na uwezo wa kuihukumu. Kwa maneno mengine, Wamaasai walikuwa wageni mbele ya mahakama ya nchi waliyozaliwa.

Hapa ndipo Mambo ya Walawi, sura ya 25, inapostahili kuwekwa kando ya hukumu hiyo. Humo pia wenye nchi wanaitwa wageni. Lakini ni wageni kwa Mungu, na ugeni wao ndio unaoizuia ardhi isiuzwe kabisa kabisa: kwa kuwa hapana mwanadamu aliye mwenyeji, hapana awezaye kumfukuza mwenziwe moja kwa moja. Katika hukumu ya 1913 ugeni ni upungufu wa haki. Katika Mambo ya Walawi ugeni ndio chemchemi ya haki. Neno ni lile lile, na matokeo yamepishana kama mashariki na magharibi.

Wapo Wamaasai waliokuwa wakisoma maandiko hayo wakati uhamisho ulipokuwa ukipangwa. Molonket ole Sempele alikwenda Marekani mwaka 1909 kusoma, na alishirikiana na mmisionari John Stauffacher katika kazi ya kutafsiri maandiko kwa Kimaa. Biblia nzima ya Kimaa haikutoka mpaka mwaka 1991. Ndani yake agano linaitwa osotua, neno ambalo maana yake ya kwanza ni kitovu kinachomuunga mtoto na mama, kisha udugu, amani, na mfungamano wa watu waliopeana ng'ombe. Kiswahili "agano" huweza kutumika kwa mkataba wa Bwana Stewart bila kigugumizi. "Osotua" haiwezi. Mtu hakati osotua kwa saini.

Kura

Katika Kiswahili cha leo "kura" ni mambo mawili: kile kijiti au kikaratasi kinachotoa fungu bila upendeleo, na chaguo la mtu katika uchaguzi. Katika Yoshua 18 maana ni ya kwanza. Watu watatu kutoka kila kabila lililobaki bila fungu walitumwa kuizunguka nchi, wakaiandika kitabuni katika mafungu saba, wakarudi Shilo, na kura ikapigwa mbele ya hema. Hao ndio wapimaji wa ardhi wa kwanza katika maandiko, na inafaa ikumbukwe kwamba waliopima hawakuwa na uwezo wa kujua ni fungu lipi watakalolipata. Hesabu 26 imeongeza kipimo: kabila kubwa lipewe zaidi, dogo lipewe kidogo. Maana ya kiroho ya kura, basi, haihitaji kutafutwa mbinguni. Ni kunyang'anywa mkono kwa mgawaji.

Sheria ya Ardhi ya Wawakilishi wa Vikundi ya mwaka 1968 iliwaandikisha Wamaasai wa Kajiado katika ranchi za vikundi, na Wakaputiei walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Ardhi iliandikwa kwa jina la kikundi, ikasimamiwa na kamati. Kufikia miaka ya 1980 wanachama wengi walitaka igawanywe. Walihofia kupokonywa na walihitaji hatimiliki ya kupatia mkopo, na vijana waliokuwa wakikua nao walidai kuandikishwa. Ranchi ya Kitengela, yenye ekta 18,000 na zaidi kidogo na wanachama 214, iligawanywa mwaka 1988, wastani wa ekta 85 hivi kwa mwanachama. Wanachama walipiga kura kwa maana ya pili ya neno hilo, kukubali ugawaji. Kura ya maana ya kwanza haikutawala kila mahali. Katika ranchi kadhaa za Kajiado wanakamati na jamaa zao walijipatia mafungu makubwa au yaliyo karibu na maji na barabara, na waliokuwa wanyonge wakapata mawe. Marcel Rutten, aliyechapisha utafiti wake juu ya wilaya hiyo mwaka 1992, aliuita mwendo huo kuuza mali ili kununua umaskini. Wapimaji walijua mafungu yao kabla ya kupima.

Kilichofuata kinaonekana na kila apitaye barabara ya Namanga. Mji wa Kitengela ulikuwa na watu 58,167 katika sensa ya 2009, na 154,436 katika ile ya 2019. Ekta 85 zimekuwa ekari kumi, ekari kumi zimekuwa ploti za futi 50 kwa 100. Kampuni za kuuza ardhi, kwa kejeli ambayo hapana aliyeikusudia, mara nyingine huwagawia wanunuzi wao ploti kwa kupiga kura, ile ya Shilo hasa.

Wanunuzi hao wengi wao ni Wakristo waliotoka Nairobi na kwingineko, na pamoja nao yamekuja makanisa. Mahubiri yanayosikika sana katika miji mipya ya namna hii humfanya muumini kuwa Yoshua: kila mahali atakapokanyaga ni pake, na hatimiliki ni ushahidi wa imani yake. Lugha hiyo imezoeleka hata nje ya kanisa. Katika kampeni za mwaka 2017 Raila Odinga aliitwa Yoshua na muungano wa NASA ukaahidi kuwavusha watu hadi Kanaani. Si haki kumcheka mtu aliyepanga chumba kimoja miaka ishirini akaona ploti yake kuwa nchi ya ahadi. Amelipa kwa jasho lake. Tatizo ni la kiusomaji. Mfano wa Kanaani una nafasi mbili, ya anayeingia na ya aliyemo. Mhubiri akiijaza ile ya kwanza, ya pili hujaza yenyewe. Mmaasai aliyeuza ekari zake moja moja, akasukumwa kuelekea Isinya na mbele zaidi, hajatajwa katika hubiri hilo, lakini yumo.

Mabinti wa Selofehadi

Katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mbele ya Musa na kuhani Eleazari wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa kuwa hakuwa na mwana. Musa hakuwa na jibu. Alilipeleka shauri kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wana haki. Ni nadra katika torati sheria kuzaliwa kwa swali la wanawake, na ni nadra zaidi majina yao yote matano kuandikwa. Katika sura ya 36 wazee wa kabila lao walilalamika kwamba ardhi itahama kwa njia ya ndoa, nao mabinti wakaamriwa kuolewa ndani ya kabila. Mwandishi wa Hesabu hakuuficha mvutano huo. Ameiacha haki ya binti na hofu ya ukoo zikae pamoja, bila mojawapo kuimeza nyingine.

Kajiado imeupitia mvutano huo kwa mpangilio uliogeuzwa. Walioandikishwa katika ranchi walikuwa wanaume wenye miji, pamoja na wajane wachache. Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika 1981, iliiacha mila itawale ardhi ya kilimo na mifugo katika wilaya kadhaa za wafugaji, Kajiado na Narok zikiwamo, na mila haikumpa binti ardhi. Yafaa isemwe hapa kwamba mila hiyo ilizaliwa wakati ambapo ardhi haikurithiwa na mtu ye yote. Kilichorithiwa ni ng'ombe, ambao kila mke alitengewa wa nyumba yake na wanawe wakawarithi. Kuitumia mila ya ng'ombe kuamua hatimiliki ni kuivika mila nguo isiyoshonewa yeye. Mwaka 2008 Jaji Kalpana Rawal wa Mahakama Kuu, katika shauri la mirathi ya mzee wa Kimaasai, aliamua kwamba mabinti wana haki ya kurithi. Katiba ya 2010 iliweka ukomeshaji wa ubaguzi wa kijinsia miongoni mwa misingi ya sera ya ardhi. Hofu ya wazee wa Manase haijaisha kwa hukumu hizo, na haikuwa hofu ya kipumbavu: ardhi ya Kitengela imekwisha kuhama, ingawa waliouza karibu wote walikuwa wanaume.

Wafugaji ng'ambo ya Yordani

Kisa kinachowahusu zaidi watu wa Kajiado ni kile ambacho mahubiri hukigusa kwa nadra. Katika Hesabu 32 wana wa Reubeni na wana wa Gadi, wenye mifugo mingi mno, waliitazama nchi ya Yazeri na Gileadi wakaona ni nzuri kwa wanyama, wakaomba wabaki huko. Musa alikasirika, akihofia kwamba wanakwepa vita. Wao wakaahidi kujenga mazizi ya mifugo na miji ya watoto, kisha kuvuka na silaha pamoja na ndugu zao. Waliitimiza ahadi. Kisha, katika Yoshua 22, walipokuwa wakirudi walijenga madhabahu kando ya Yordani, na makabila mengine yakajiandaa kupigana nao kwa kudhani wameasi.

Jibu la wafugaji hao ni mojawapo ya maneno ya uchungu katika kitabu kizima. Hawakuijenga kwa sadaka. Waliijenga kwa kuwa waliogopa kwamba siku moja watoto wa wakulima watawaambia watoto wao kwamba mto ni mpaka, na kwamba hawana sehemu katika Mungu wa Israeli. Waliona mbele kwamba mpaka wa ardhi hugeuka upesi kuwa mpaka wa imani. Gerhard von Rad, katika makala yake ya mwaka 1943 juu ya nchi ya ahadi, aliwafundisha wahakiki kuiona ardhi kama dhamira kuu ya vitabu hivi. Kisa cha madhabahu kinaongeza kwamba dhamira hiyo iliandikwa na watu waliojua kuwa mfugaji yu hatarini kuandikwa nje.

Uhusiano wa Wamaasai na Mungu katika masimulizi yao wenyewe hauanzi na ardhi. Enkai aliwashushia ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Urithi ulikuwa na miguu. Ardhi, enkop, ilikuwa sharti la urithi huo, na malisho ya ndama karibu na boma, olopololi, ndiyo tu yaliyotengwa. Kumwambia mtu wa mapokeo hayo kwamba urithi wake ni ekari kadhaa zenye vigingi vinne ni kumbadilishia theolojia kabla ya kumbadilishia sheria.

Fungu la Lawi

Wanaousoma mgawanyo wa nchi kwa njia ya kiroho humtegemea zaidi Lawi. Kabila hilo halikupewa nchi, kwa sababu Mungu mwenyewe ndiye fungu lake, na kutoka hapo ni hatua fupi kusema kwamba aliye wa kiroho haihitaji ardhi. Usomaji huo unaishia kabla ya andiko kwisha. Hesabu 35 na Yoshua 21 zinawapa Walawi miji 48, na kuizunguka kila mji malisho, yaliyopimwa kwa dhiraa kutoka ukutani. Mambo ya Walawi 25 inaweka tofauti za kina juu ya mauzo. Nyumba ndani ya mji wenye ukuta yaweza kuuzwa moja kwa moja baada ya mwaka mmoja bila kukombolewa. Shamba laweza kuuzwa hadi mwaka wa yubile. Nyumba za Walawi zinaweza kukombolewa wakati wo wote. Kisha kinatajwa kitu kimoja kisichouzwa kabisa, si kwa muda wala kwa yubile: malisho ya miji ya Walawi.

Kwa hiyo kabila lililotajwa kuwa la kiroho kuliko yote ndilo lenye ardhi iliyolindwa kuliko yote, na ardhi hiyo si ya kulima, ni ya kuchungia. Origen hakukaa hapo, na wahubiri wa ploti hawafiki. Lakini hapa ndipo maana ya kiroho na nyasi zinapokutana katika sentensi moja ya sheria.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, iliyofuta ile ya 1968, ilitoka wakati ranchi ya Kitengela ilikuwa imegawanywa miaka 28 iliyopita. Kabla yake, mwaka 2000, ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi waliopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, ili wasizungushe ua, wasilime, wasichimbe mawe, na ng'ombe na nyumbu waendelee kupita. Malipo yalitolewa kwa awamu, wakati mihula ya shule inapofunguliwa, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwenye karo.